Kazi ya Sindano na Maradhi ya Akili

Sindano ni chombo kidogo, lakini hakuna nyumba iwezayo kukaa bila yake. Tajiri huitumia na maskini huitumia; hushona vazi la arusi na hutia kiraka katika shuka ya mgonjwa. Mtu akiiangusha huinama na kuitafuta kama atafutaye lulu. Pengine kwa sababu ya udogo wake watu wachache wamefikiri kuiandikia insha. Mimi nataka kuiandikia, si kwa ajili ya kazi ifanywayo na fundi dukani, bali kwa ajili ya kazi iliyofanywa na watu ambao wenzao waliwahesabu kuwa hawana akili, ndani ya nyumba zenye kuta ndefu na milango yenye kufuli.

Nyumba hizo zilizidi sana katika Ulaya na Marekani wakati wa karne ya 19. Kabla ya hapo wagonjwa wengi wa akili walitiwa minyororo au kufungiwa gizani, kwa kudhaniwa kwamba aliyepotewa na akili amepotewa na utu pia. Katika mwaka 1796 William Tuke, mfanyabiashara wa chai wa mji wa York katika Uingereza, alifungua nyumba ya namna nyingine iliyoitwa The Retreat, yaani maficho ya utulivu. Huko mgonjwa alisemeshwa kwa upole, alikula vizuri, alitembea bustanini, na juu ya yote alipewa kazi ya kufanya. Fikra hiyo ilishika mizizi. Nyumba kubwa ya Wakefield ilipofunguliwa mwaka 1818, mkuu wake, William Ellis, aliweka kazi mbele ya dawa za chupa. Na mwaka 1831 alikwenda na fikra ile ile Hanwell, karibu na London. Wanaume walilima, waliranda mbao na kushona viatu. Wanawake walifua, walipika na kushona. Mkewe, Mildred Ellis, aliwasimamia wanawake, na vitu vizuri vilivyotoka mikononi mwao viliuzwa kwa wageni.

Siwezi kuidharau fikra hii. Wazee wetu walisema kwamba kazi mbi si mchezo mwema, na maneno yao yana ukweli kwa mzima na kwa mgonjwa. Akili iliyochafuka ni kama chombo katika dhoruba. Haihitaji hotuba, yahitaji nanga. Mshono hufuata mshono, macho hutazama mahali pamoja, na pumzi hushuka polepole. Kila aliyewahi kushona katika siku ya huzuni ajua kwamba huzuni haikuondoka, lakini ilipata mahali pa kukaa. Waliosema kwamba mkono wenye kazi huweza kuutuliza moyo wenye fujo hawakusema uongo.

Walakini kila dawa ina kipimo chake, na swali la kwanza juu ya kipimo ni nani akipimaye. Nyumba yenye mamia ya wagonjwa ilihitaji mashuka, mashati, magauni na foronya kwa mamia. Vitu hivyo vilishonwa na wagonjwa wenyewe, vikachakaa juu ya miili yao, vikarudi kwao kutiwa viraka. Ujira wa fedha kwa kawaida haukuwapo. Hivyo mkuu wa nyumba alikuwa na madaftari mawili mezani, moja la maradhi na moja la hesabu, na kazi ya mgonjwa iliandikwa katika yote mawili. Katika daftari la kwanza ilikuwa tiba. Katika daftari la pili ilikuwa akiba. Mwanamke aliyekuwa hodari wa kushona alikuwa faida kwa nyumba, na kupona kwake na kwenda zake kungekuwa hasara. Sisemi kwamba wakuu wote waliwazuia wagonjwa kwa tamaa. Nasema kwamba mtu mmoja akiwa tabibu na mwajiri kwa wakati mmoja, na mgonjwa hana ruhusa ya kukataa, ni vigumu kujua neno linalosemwa ni la nani kati ya wawili hao.

Jambo hili lilichukua miaka mingi kupata hukumu. Katika Marekani, mwaka 1973, mahakama katika kesi iitwayo Souder na Brennan iliamua kwamba wagonjwa wanaofanya kazi katika hospitali za akili wanalindwa na sheria ya ujira kama wafanyakazi wengine. Tangu kuanza kwa fikra ya kazi kuwa dawa hata kufika siku hiyo, karibu miaka mia mbili ilikuwa imepita. Vizazi vizima vilikuwa vimeshona na kuzikwa.

Basi kazi ile ilikuwa tiba au ilikuwa utumwa? Kwa muda mrefu swali hili limejibiwa na madaktari, na baadaye na wanasheria. Wagonjwa hawakuulizwa, na hata wangalijibu, maneno ya mwenda wazimu hayakuhesabiwa kuwa ushahidi. Lakini wako waliojibu bila ya kuulizwa. Walichukua sindano ile ile waliyopewa kwa kazi ya nyumba, wakaandika nayo. Vitambaa vyao vimebaki, na maonyesho ya siku hizi yamevitoa katika makabati na kuviweka mbele ya macho ya watu.

Wa kwanza ni Agnes Richter, fundi wa kushona, aliyezaliwa mwaka 1844 katika Ujerumani. Mwaka 1893 alitiwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili ya Dresden, na mwaka 1895 alihamishwa Hubertusburg, ambako alikaa mpaka kufa kwake mwaka 1918. Huko alijishonea koti dogo kwa kitani cha kijivu cha nguo za hospitali, kisha akalijaza maandiko ya nyuzi za rangi mbalimbali. Alitumia mwandiko wa Kijerumani wa zamani, na mistari yake inapandana na kupishana hata wataalamu hawajaweza kuisoma yote. Palipo wazi huonekana neno "mimi," neno "yangu," jina la Hubertusburg, na tarakimu 583, namba iliyotiwa katika nguo zake ili zisipotee dobini. Maandiko mengi yako ndani ya koti, upande unaogusa mwili. Kitambaa kina alama za jasho. Kwa hiyo twajua kwamba hakulishona ili litazamwe. Alilivaa.

Nalifikiria koti hili mara nyingi. Kwetu pwani nguo kusema si jambo geni. Kanga ina jina lake, na mwanamke ajuaye kuchagua humjibu jirani bila ya kufungua kinywa. Lakini maneno ya kanga huchapwa na mwingine na kununuliwa dukani. Mvaaji huchagua katika yaliyokwisha kusemwa. Agnes Richter hakuwa na duka. Alichukua nguo isiyokuwa yake, na wahenga wamesema kwamba nguo ya kuazima haisitiri, akaifanya yake kwa sindano. Ile namba 583 hospitali iliitia ili kumtambua kama mali itambuliwavyo, yeye akaichukua na kuitia tena kwa mkono wake mwenyewe, karibu na neno "mimi." Mshono ni ule ule, na uzi huenda ulitoka katika kikapu kile kile. Tofauti iko katika jambo moja tu, nalo ni nani aliyetaka mshono ule uwepo.

Koti hilo lilipona kwa bahati. Kati ya mwaka 1919 na 1921 daktari Hans Prinzhorn alikusanya kazi za wagonjwa wa akili kutoka hospitali nyingi na kuziweka Heidelberg, zikafika elfu kadhaa. Na mwaka 1922 alitoa kitabu juu ya kazi hizo, kilichowashangaza wasanii wa Ulaya. Prinzhorn alistahili shukrani kwa kuona uzuri pale wenzake walipoona takataka. Hata hivyo wasanii aliowasifu zaidi katika kitabu chake aliwapa majina ya bandia. Desturi ya utabibu ilitaka siri, na siri ina heshima yake. Lakini matokeo yake ni kwamba mtu aliyekwisha kupokonywa nyumba na uhuru alisifiwa kwa jina lisilokuwa lake.

Katika Uingereza kuna wanawake wawili wasiofaa kusahauliwa. Mary Frances Heaton alikuwa mwalimu wa muziki. Mwaka 1837 alimshutumu kasisi hadharani kanisani, kwa madai ya malipo ya mafunzo ya muziki ambayo alisema hakuyapata. Alitiwa katika nyumba ile ile ya Wakefield, na maisha yake yaliyobaki, miaka zaidi ya 40, yalipita chini ya ulinzi wa namna hiyo mpaka kufa kwake mwaka 1878. Huko alitarizi malalamiko yake juu ya vitambaa, kwa herufi safi na mapambo mazuri kama ya msichana anayejifunza kushona. Mwenziwe, Lorina Bulwer, aliwekwa katika chumba cha wenda wazimu cha nyumba ya maskini ya Great Yarmouth. Karibu na mwaka 1900 alianza kushona barua kwa sufu za rangi nyingi juu ya vipande vya nguo vilivyounganishwa, barua yenye urefu wa zaidi ya mita tatu. Herufi zote ni kubwa. Hakuna nukta wala mkato. Maneno aliyotaka yasikike aliyapigia mstari kwa uzi. Anawataja jamaa zake, majirani zake na wakubwa wa nchi. Analalamika, anatukana na anajisifu. Alikufa mwaka 1912. Kazi zake zilipoonyeshwa mwaka 2013 katika mji ule ule wa Great Yarmouth, alikuwa amerudi kwa watu wa mjini kwake baada ya miaka mia moja na moja.

Msomaji aweza kuuliza: Je, maneno ya wanawake hawa ni ya kweli? Mengine ni ya kweli, mengine yana alama za maradhi. Na si kazi yangu kupima. Nataka kuonyesha jambo jingine. Barua ya karatasi huandikwa kwa dakika. Barua ya uzi hutaka siku, majuma na miezi. Mtu hawezi kukaa na neno moja kwa muda huo bila ya kulikusudia. Kalamu yaweza kuteleza kwa hasira, lakini sindano haina hasira ya namna hiyo. Kila herufi imetobolewa, imevutwa na imekazwa. Kwa hiyo hata pale ambapo neno ni la maradhi, subira iliyolishona ni ya mtu mwenye nia. Hii ndiyo hoja yenye nguvu ambayo vitambaa hivi huwapa wale wanaofikiri kwamba mwenye wazimu ni wazimu mtupu, kama mtungi uliomwagika.

Sasa sina budi kutaja jambo chungu, maana bila ya hilo hoja yangu ingekuwa pungufu. Wale wanaosifu kazi kwa wagonjwa hawana budi kukumbuka wapi sifa hiyo ilifika ilipoachwa bila ya huruma. Katika Ujerumani ya Hitler hospitali ziliandikiwa kujaza fomu kwa kila mgonjwa, na katika fomu ile mliulizwa mgonjwa hufanya kazi gani. Walioonekana hawana kazi ya faida walikuwa katika hatari kubwa kuliko wote. Kati ya Januari 1940 na Agosti 1941 wagonjwa wapatao 70,000 waliuawa kwa gesi katika nyumba sita zilizowekwa kwa mauaji hayo, na baada yake mauaji yaliendelea kwa njaa na kwa sindano za sumu. Kati ya waliokufa walikuwamo wasanii ambao kazi zao zilikuwa zimehifadhiwa Heidelberg. Hapa twaona mwisho wa njia ambayo mwanzo wake ulikuwa mwema. Kazi iliyoletwa ili kumrudishia mtu utu wake iligeuzwa kuwa mizani ya kuupima utu huo. Na mizani ya namna hiyo, mara ikisimamishwa, haikosi kumwona mtu aliyepungua.

Najua ubishi huu si wa Ulaya peke yake. Shangazi yangu, aliyekaa Pangani, alipatwa na maradhi ya akili katika utu uzima, nayo yakaja na kuondoka kama maji ya bahari. Katika siku zake mbaya jamaa walisema, "Mpeni miyaa atulie." Alipewa, akatulia kweli. Alisuka ukili mwembamba ulio sawa kama uliopigwa kwa rula, akaushona kwa shazia ukawa mikeka, na mchuuzi akaja kuichukua. Fedha ziliingia katika matumizi ya nyumba. Sina neno la kuwalaumu jamaa. Ilikuwa nyumba maskini, na yeye alikula katika chungu kile kile. Lakini palikuwa na mkeka mmoja ambao aliutia rangi mwenyewe, na aliufumua na kuusuka tena mara nyingi. Siku moja mchuuzi aliuona ukutani akasema, "Shikamoo, bibi. Na huu nitakupa bei nzuri." Alimjibu, "Marahaba, mwanangu. Huo si wa kuuza. Huo ni wangu." Katika maneno yote niliyomsikia akisema wakati wa maradhi yake, hayo yalikuwa timamu kuliko yote. Mikeka ya kuuza ilimtuliza. Mkeka usiouzwa ulimfanya awe mtu mbele ya mtu mwingine.

Tofauti hii yaonekana kwa ukubwa wake katika maisha ya Arthur Bispo do Rosário, Mbrazili mweusi wa jimbo la Sergipe, aliyekuwa baharia na mpiganaji wa ngumi. Mwishoni mwa mwaka 1938 alipatwa na maono, akasema kwamba ameamriwa kuukusanya ulimwengu ili auwasilishe mbele ya Mungu Siku ya Hukumu. Madaktari wakaandika kwamba ana maradhi ya akili. Alipelekwa katika Colônia Juliano Moreira, hospitali kubwa ya Rio de Janeiro, na ingawa alitoka kwa vipindi, alihesabiwa mtu wa huko kwa nusu karne, mpaka kufa kwake mwaka 1989. Hakuwa na uzi. Basi alifumua nguo za buluu za wagonjwa, akapata uzi. Kwa uzi huo alitarizi mabendera, ramani, majina ya nchi, meli na watu, na akavifunga vitu vya kila siku vikawa kama maiti zilizokafiniwa kwa heshima. Kazi zake zilipita mia nane. Kubwa kati yake ni joho aliloliita Joho la Kujihudhurisha: nje lina mapambo ya rangi nyingi, na ndani lina majina ya watu aliotaka kuwaombea siku hiyo.

Tazama alivyofanya. Nguo ya buluu ya hospitali ilikuwa alama ya kwamba wote waliomo ni sawa na hakuna mwenye jina. Bispo aliifumua nguo hiyo, uzi baada ya uzi, akautumia uzi huo kuandika majina. Hakuiita kazi yake tiba, wala hakuiita sanaa. Na hakupenda kuachana nayo. Baada ya kufa kwake walimwengu waliiita sanaa, na mwaka 1995 ilikwenda Venice kuiwakilisha nchi yake katika maonyesho makubwa ya kimataifa. Sina shaka kwamba yastahili jina hilo. Naona tu kwamba mtu huyu, aliyefungiwa pasipo mali yoyote, alikuwa na kitu ambacho hospitali haikumpa wala haikuweza kumnyang'anya, nacho ni kusudi.

Siku hizi wako wasanii wanaochukua sindano ili kuwajibu hawa waliotangulia, na ziko karakana ambazo somo hili limeeleweka. Katika mji wa Oakland, Marekani, Creative Growth Art Center ilianzishwa mwaka 1974 kwa ajili ya wasanii wenye ulemavu. Huko alifika Judith Scott, aliyezaliwa mwaka 1943, asiyesikia wala kusema, aliyekaa katika nyumba za wasiojiweza kwa miaka 35 mpaka pacha wake alipomtoa. Hakulazimishwa kushona shuka. Alipewa nyuzi na nafasi, akaanza kuvifunga vitu kwa uzi tabaka juu ya tabaka, mpaka vikawa maumbo ambayo sasa yamo katika majumba ya sanaa. Aliendelea hivyo mpaka alipokufa mwaka 2005. Nyuzi zilikuwa za namna ile ile ambayo nyumba za zamani zilikuwa nayo kwa wingi. Kilichopungua katika nyumba zile ni kumwachia mgonjwa aamue uzi uende wapi.

Kwa hiyo nikiulizwa kama kazi ni dawa ya maradhi ya akili, nitajibu kwamba ni dawa, kwa sharti moja ambalo vitambaa hivi vimelitaja kuliko vitabu. Sharti hilo ni kwamba mfanyaji awe na fungu lake katika kazi: ujira kama kazi ni ya nyumba, na hiari na jina lake kama kazi ni yake. Bila ya hayo kazi hutuliza kama kufuli inavyotuliza, kwa kumfanya mtu asisikike. Sisi tunaosoma na kufundisha, ambao huenda tukaitwa kuandika maelezo chini ya vitambaa kama hivi au kuamua mgonjwa fulani apewe kazi gani, tuna wajibu mwepesi kuutaja na mzito kuutimiza. Tusianze kwa kuuliza mgonjwa ana maradhi gani, wala kazi yake italeta faida kiasi gani. Tumwulize kwanza, kama mchuuzi alivyojibiwa na shangazi yangu, kipi kati ya hivi ni chake.